Chai Waliyoikataa Wasabato

Jumapili jioni, Awendo

Si Akinyi angeniambia mapema! Leo wazazi wa mchumba wake wametoka Homa Bay kuja kutuona mara ya kwanza, nami nimepika themosi tatu za chai ya maziwa, majani yamekolea kabisa. Nikimimina, mama wa kijana akafunika kikombe kwa kiganja.

"Mama Akinyi, sisi ni Wasabato. Majani ya chai hatutumii."

Mume wangu alinitazama kana kwamba nimewawekea sumu. Mimi nikaona harusi inayeyuka hivi hivi.

Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikakata mchaichai, nikauchemsha na tangawizi. Nikiwa nimeinamia sufuria, mtu akakohoa mlangoni. Kumbe ni baba wa kijana, mzee wa kanisa mzima, kofia mkononi.

"Mama Akinyi," alinong'ona, "ile ya themosi bado iko?"

Alikunywa vikombe viwili amesimama nyuma ya mlango, macho ameyafumba. "Mama asijue," akasema, akajifuta masharubu.

Sebuleni alichangamka ajabu. Akasifu nyumba yetu, akamsifu Akinyi, akaomba tupange siku ya mahari. Mume wangu anasema ni maombi yake yamejibiwa. Nimemwacha aamini hivyo.

Ila wakati wa kuagana, mama wa kijana alinivuta kando, akanishika mkono.

"Siku nyingine mpe kikombe kimoja tu," aliniambia. "Viwili vinamnyima usingizi."