Kikao cha Kuamua Kama Kinasa-Vipindi Kibaki au Kirudi Dukani

KAMATI YA CHUMBA CHA TELEVISHENI
JENGO LA WASTAAFU LA FYRBAKKEN, VARDØ

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumanne, 4 Desemba 2007
Mahali: Chumba cha televisheni, ghorofa ya chini

Waliohudhuria:
1. Oddvar Kvalnes – Mwenyekiti (hupiga kura pale tu kura zinapolingana)
2. Gunnvor Isaksen – Katibu
3. Torbjørg Myhre – Mjumbe na msomaji wa ratiba
4. Kåre Bergli – Mjumbe, fundi umeme mstaafu
5. Hjørdis Sandmo – Mjumbe

Asiyehudhuria:
Asbjørn Sandmo, mume wa Hjørdis. Alifariki katikati ya Novemba. Mwenyekiti alitaka jina liondolewe, Hjørdis akataka libaki mpaka mwaka uishe. Limebaki. Kåre aliuliza kama marehemu ametuma udhuru, akaambiwa anyamaze.

KUMB. NA. 1/12/2007: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, taa zote zikiwa zimewashwa kwa kuwa nje giza lilikuwa totoro, kama kawaida ya huku kaskazini majira haya ambapo jua halichomozi kabisa. Torbjørg aligawa kahawa na biskuti za tangawizi. Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba ajenda ni moja tu, na kwamba safari hii hataki kusikia habari za nani alikalia mto wa nani.

Katibu alitoa taarifa kwamba ataandika baadhi ya maneno kama yalivyosemwa, kwa kuwa baada ya kikao kilichopita Kåre alizunguka jengo zima akidai amesingiziwa.

KUMB. NA. 2/12/2007: KINASA-VIPINDI KILIVYOFIKA

Mwenyekiti alieleza kwamba mwanzoni mwa Novemba duka la vifaa vya umeme la mjini lilitupatia kinasa-vipindi ili tukijaribu kwa mwezi mmoja. Kisiporudishwa kufikia Ijumaa, kitahesabiwa kimenunuliwa.

Kåre alieleza kinavyofanya kazi. Kila mtu ana namba yake. Anabonyeza namba, anatazama anachopenda, na baada ya siku chache mashine inamjua. Kuanzia hapo inamrekodia vipindi vyake yenyewe bila kuagizwa, naye anavitazama akijisikia. Alisema: "Hakuna tena kugombania saa mbili usiku. Kila mtu na chake. Kwani mnataka nini zaidi, kiwapikie?"

Namba zilitolewa hivi: Torbjørg moja, Katibu mbili, Kåre tatu, Hjørdis nne, marehemu Asbjørn tano. Mwenyekiti hakuchukua namba. Alisema televisheni ya kwake ni dirisha.

KUMB. NA. 3/12/2007: HOJA YA TORBJØRG KUHUSU RATIBA

Torbjørg alisimama, jambo ambalo halikuwa lazima. Alisema jengo hili lina desturi yake. Kila Alhamisi baada ya kahawa yeye husoma kwa sauti gazeti la ratiba ya vipindi, la wiki nzima, na kila mmoja huweka alama kwa penseli ya rangi yake: yeye nyekundu, Katibu nyeusi, Kåre bluu, Hjørdis rangi ya machungwa, Asbjørn kijani. Vipindi vikigongana, watu hubishana, halafu huamua. Tangu mashine ije, siku ya Alhamisi anasomea viti.

Kåre: "Basi unalia kwa sababu huna wa kumsomea."

Torbjørg: "Ndiyo, nalia kwa sababu hiyo. Wewe huna haya? Zamani tulikuwa tunatazama pamoja. Sasa kila mtu anakuja kwa saa yake kama mwizi. Na kitu kikipita, kimepita, Kåre. Ndiyo kazi ya ratiba. Inakwambia kiko lini, ukikikosa umekikosa, unaendelea na maisha."

Hjørdis, ambaye hakuwa amesema neno tangu suala la jina la mumewe, alisema: "Kwa nini kipite?"

Torbjørg alikaa. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, alisema kwamba hata yule Asbjørn na kukandamiza kwake penseli mpaka gazeti linatoboka, akiweka alama Jumamosi inatokea Jumapili, hata hilo analikosa. Hjørdis alimshika mkono. Ilikumbushwa kwamba penseli ya kijani haipo tena kwenye kikombe, kwani Hjørdis aliitia mwenyewe kwenye mfuko wa koti la marehemu kabla jeneza halijafungwa, sote tukiwa tumesimama pale.

KUMB. NA. 4/12/2007: NAMBA TANO

Mwenyekiti alisema sasa lizungumzwe lile ambalo kila mtu analinong'ona kwenye ngazi.

Kåre alikiri kwamba hakuifuta namba tano baada ya msiba. Alisema alisahau, kisha akasema hakusahau, alishindwa. Kwa hiyo mashine imeendelea kumrekodia Asbjørn mbio za kuteleza kwenye theluji, zote. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba mashine huonyesha kipindi kilichotazamwa na mahali kilipoachwa. Vipindi vya namba tano vimetazamwa. Kila kimoja kimeachwa mwanzoni mwa mzunguko wa mwisho.

Hapa kila mjumbe alielewa, lakini kwa faida ya atakayesoma baadaye Katibu anaeleza. Asbjørn hakuweza kustahimili mwisho wa mbio. Mzunguko wa mwisho ukianza, alikuwa akiinuka na kwenda jikoni, huo mlango wa nyuma ya viti, kujimiminia kahawa. Mshindi akipatikana aliuliza kutoka huko huko, "Nani?", na Hjørdis alimwambia. Ndivyo alivyofanya miaka yote tuliyokaa naye. Tulimcheka sana.

Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyekuwa akija kutazama kwa namba tano. Wote walikana. Kåre alisema ufunguo wa chumba anao Katibu. Katibu alijibu kwamba yeye hajawahi kutazama mbio za kuteleza kwa hiari yake tangu azaliwe, na kwamba Kåre angeweza kumuuliza kwa adabu. Kåre aliomba radhi. Torbjørg alisema labda ni Hjørdis, na si kosa, mtu na majonzi yake.

Hjørdis: "Mimi nilikuwa mjini Alta kwa dada yangu tangu tulipozika. Nimerudi wiki iliyopita. Nimekuta vyote vimeshatazamwa."

Mwenyekiti: "Basi mashine ni mbovu."

Hjørdis: "Sawa, Oddvar, ni mbovu. Naomba ibaki hivyo hivyo."

Alieleza kwamba tangu arudi hukaa hapa jioni na kuangalia orodha ya namba tano bila kufungua chochote. Anaona mbio mpya imeingia, na akija kesho yake imetazamwa, imeachwa palepale. Alisema hataki kujua ni nani au ni nini. "Nyie mnabishana habari za ratiba na desturi. Mimi mkirudisha hicho kitu dukani mnanizikia mume mara ya pili. Sina jingine."

Wakati huo taa nyekundu ya mashine iliwaka. Kåre alisema ni kawaida, inarekodi. Torbjørg alifungua gazeti la ratiba kuangalia ni kipindi gani, akakuta mbio za wanaume, mwanzo saa nane na nusu. Kåre alimuuliza Mwenyekiti kama aizime. Mwenyekiti alisema iachwe. Katibu aliogopa, na anaandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

KUMB. NA. 5/12/2007: KURA

Mwenyekiti aliamua kura ipigwe kwa siri. Kila mjumbe alipewa kipande cha karatasi aandike KIBAKI au KIRUDI, akikunje na kukitia kwenye bakuli la biskuti. Kåre alilalamika kwamba kila mtu akiandika kwa penseli ya rangi yake siri iko wapi. Mwenyekiti alisema kalamu nyingine hakuna, aandike.

Wapiga kura walikuwa wanne. Mwenyekiti alifungua karatasi moja moja na kuzisoma:

Bluu: KIBAKI.
Nyekundu: KIRUDI.
Rangi ya machungwa: KIBAKI.
Nyeusi: KIRUDI.

Mwenyekiti alisema kura zimelingana, hivyo yeye ndiye ataamua. Alimtazama Hjørdis kwa muda. Wajumbe wote walijua ataamua nini, kwani Oddvar hajawahi kumkatalia mjane kitu. Aliinua bakuli aliweke kando, akaona kuna karatasi nyingine chini ya biskuti.

Aliifungua, akaikunja tena. Katibu alimtaka aisome. Alisema haina maana kuisoma. Katibu alimtaka aisome.

Kijani: KIRUDI.

Mwenyekiti alipandisha sauti na kutaka kujua ni mpumbavu gani aliyefanya mzaha huo mbele ya mfiwa. Aliamuru kila mtu atoe vitu vyake vyote mezani. Zilipatikana miwani, peremende za kifua, funguo, na biskuti nne alizokuwa amezificha Kåre. Penseli ya kijani haikupatikana. Kåre, akirudisha biskuti bakulini, alisema: "Oddvar, mimi nilitaka kibaki. Niandike kirudi kwa faida gani?"

Katibu aliichukua karatasi na kuiinua kwenye mwanga wa taa. Ilikuwa imekandamizwa mpaka ikatoboka katika herufi ya kwanza na ya mwisho.

Hjørdis aliomba apewe. Aliisoma, akaisugua kwa kidole gumba, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kuwa kilio ambacho hakikuwa cha kutisha. Alisema: "Ndiye huyu. Miaka arobaini nikitaka kipindi hiki, yeye anataka kile. Hata sasa ananipinga."

Torbjørg alimkumbatia na kusema kwamba yeye yuko tayari kubadilisha kura yake. Hjørdis alikataa. Alisema: "Kwani hamjaelewa? Kila siku anasimama huko jikoni anauliza nani, na hakuna wa kumwambia. Kachoka. Mimi nilifikiri namtunza, kumbe nimemsimamisha mlangoni."

Mwenyekiti alipendekeza iandikwe kwamba Hjørdis ameondoa kura yake, ili hesabu iwe ya watu waliopo. Hjørdis alisema hajaondoa kitu. Alitaka kibaki, ameshindwa. Katibu aliungana naye. Kura zilizopigwa ni tano: KIBAKI mbili, KIRUDI tatu. Imeazimiwa kwamba kinasa-vipindi kirudishwe dukani, na usomaji wa ratiba urejee Alhamisi hii.

KUMB. NA. 6/12/2007: MENGINEYO

Hjørdis aliomba jambo moja kabla mashine haijafungwa kwenye boksi lake. Mbio zilizokuwa zikirekodiwa zilikuwa zimekwisha, na taa nyekundu ilikuwa imezima. Kåre alibonyeza namba tano. Mbio za leo zilikuwepo kwenye orodha, na ingawa televisheni yenyewe ilikuwa imezimwa muda wote wa kikao mbele ya macho yetu, zilionyesha kwamba zimetazamwa mpaka mwanzo wa mzunguko wa mwisho.

Mwenyekiti hakusema tena kwamba mashine ni mbovu.

Hjørdis alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, kando ya kile cha Asbjørn, akamwambia Kåre aendelee kutoka pale zilipoachwa. Wajumbe wote walitazama pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu mashine ije. Katibu pia alitazama. Vijana wawili, Brattlid na Nymoen, walipanda kilima cha mwisho bega kwa bega, na Torbjørg alipiga kelele kama zamani, na Kåre akamwambia Nymoen maneno ambayo hayataandikwa hapa. Brattlid alifika mbele.

Hjørdis hakugeuka. Alisubiri, kama alivyokuwa akisubiri siku zote, muda wa mtu kuuliza. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida, kuelekea jikoni:

"Brattlid, Asbjørn. Kwa ncha ya kiatu tu."

Hatukusikia kitu. Hjørdis aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyejibiwa. Halafu akamwomba Kåre afungue zile mbio nyingine, mizunguko ya mwisho tu, na baada ya kila moja akasema jina. Hakuna mjumbe aliyeuliza zitaisha lini, na Mwenyekiti hakuangalia saa.

Alipomaliza la mwisho, Kåre alirudi kwenye orodha ili afute namba tano. Hakukuwa na namba tano. Zilikuwepo moja, mbili, tatu na nne. Kåre anaapa kwamba hakugusa kitu, na Katibu, ambaye hana kawaida ya kumwamini, anamwamini.

Hjørdis aliomba karatasi ya kijani abaki nayo. Ilikubaliwa, ingawa kwa kanuni kura hutunzwa na Katibu.

KUMB. NA. 7/12/2007: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kuwataka wasilizungumze jambo hili kwenye ngazi, akijua kabisa kwamba litazungumzwa. Kåre atabeba mashine kwenda dukani kesho asubuhi. Torbjørg atasoma Alhamisi, na ameombwa asome mbio za wiki nzima kwanza, ili Hjørdis aziwekee alama kwa penseli yake ya rangi ya machungwa. Hjørdis alisema ataweka, lakini moja moja tu, kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kuzipenda.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni.

Sahihi: Oddvar Kvalnes, Mwenyekiti
(Nimetia sahihi. Idadi ya kura siielewi.)

Sahihi: Gunnvor Isaksen, Katibu
(Idadi ya kura ni sahihi.)