Kwa Ntandu, Uliyezikwa Bila Mtani

Mpanda, Jumatano, mvua za kwanza.
Mwaka wa arobaini na tatu tangu kazi ya reli iniondoe Manyoni.

Ntandu, mtani wangu,

Wamekuzika bila matusi ya mtani. Mwanao Elia amenieleza yote, na ameeleza kwa mpangilio, kama mtoto wa mwalimu. Jeneza lilikuwa kando ya kaburi tangu saa nane. Mchungaji alimaliza sala, na watu wakabaki wamesimama, wananisubiri, wanaitazama njia inayotoka Ikungi. Hakuna mtani aliyeingia shimoni na kugoma kutoka. Hakuna aliyevaa koti lako akaigiza mwendo wako wa bata. Saa kumi kasoro Elia alinipigia. Alisema, "Shikamoo baba. Kama upo mbali, sema hata kwenye simu, naweka sauti kubwa wote wasikie." Nikaitikia marahaba, nikakata.

Mtandao haukuwa mbaya. Nakuandikia kwanza kwa ajili ya hilo, tusije tukasingizia mtandao.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule wa njaa, dada yangu mdogo Loi sita. Baba alitutoa Kilimatinde kwa miguu, siku nne, tukapita Mkiwa hadi kwenu Sepuka, kwa sababu koo zetu, ninyi Wanyaturu na sisi Wagogo, zina utani na mtani hamfungii mtani mlango. Bibi yako alifungua kihenge. Tulirudi na mzigo wa uwele, mimi na baba. Loi alibaki, kwa kuwa kwenu chungu kilikuwa bado kinakaa motoni. Tungemchukua baada ya mavuno.

Tulipofika kumchukua alikuwa ameshazikwa. Bibi yako alitoka nje, uso umelowa, akamwambia baba, "Umechelewa, mtani. Tumeshamla." Na baba akacheka. Nilikuwa nimemshika mkono, nikausikia mwili wake wote ukicheka. Kisha wakakaa chini, yeye na yule bibi, wakalia mpaka jua likazama. Tuliambiwa ni surua. Kwa miaka zaidi ya sitini nimemwambia kila aliyeniuliza kwamba dada yangu alikufa kwa surua.

Ndiyo maana mimi na wewe tuliweza kufanya vile. Ulikuwa unashuka kwenye treni pale Manyoni na kikapu chako, unapaza sauti, "Dada yenu alikuwa mtamu!" nami najibu, "Ndiyo maana mmenenepa." Abiria walitushangaa. Mke wangu alikuwa ameshachinja.

Halafu ukastaafu ualimu, ukaanzisha mihadhara yako ya mchana pale Singida mjini. Kila Jumatano, saa saba mpaka saa nane, kiingilio hakuna, njoo na chakula chako. Ulinitumia sauti zote zilizorekodiwa, kwenye simu. Nilikusikiliza ukieleza jinsi tembe linavyojengwa, chumvi ilivyokusanywa ziwani, majina ya miaka ya njaa na kwa nini kila njaa ilipewa jina lake. Nilikuwa nasonga ugali wangu nikae nao saa ileile mliyokuwa mnakula ninyi. Tangu mke wangu afe, hicho ndicho chakula pekee cha wiki nilichokula na watu. Hilo sikukwambia.

Ukaniita. Mada ni utani, ukasema, na siwezi kutania peke yangu kama kichaa. Nikasafiri siku mbili.

Uliniweka mstari wa tatu. Kulikuwa na makarani, wanafunzi wa chuo, akina mama wa sokoni na ndoo zao za vitunguu. Jirani yangu alikuwa na wali na maharage kwenye kopo. Ulinisimamisha wakapiga makofi. Ukasimulia habari ya baba na bibi yako, na ulisimulia vizuri, watu wakaacha kutafuna.

Kisha ukavua miwani. Ukasema haikuwa surua. Ukasema kila mchana bibi yako alikupa bakuli moja la ugali na mlenda, mle wawili, wewe na yule mtoto wa Kigogo. Ulilipeleka nyuma ya zizi ukala peke yako, kwa sababu ulikuwa na njaa, na kwa sababu alilia kwa Kigogo na wewe hukukijua. Ukasema hukumbuki ni siku ngapi. Ukavaa miwani, ukanigeukia na lile tabasamu letu. "Kwa hiyo, mtani, mlaji ni mimi. Unasemaje?"

Ukumbi ulicheka. Walidhani ni sehemu ya somo. Jirani yangu alicheka na wali mdomoni.

Ulikuwa umekishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Niliona, usidhani sikuona. Ungeweza kuniambia faraghani: ulikuwa na nyumba yangu Manyoni, ulikuwa na kila safari tuliyokaa mimi na wewe mpaka mkaa ukazimika. Ukangoja upate watu themanini na kipaza sauti, mahali ambapo sheria ya utani inanikataza kukasirika. Ulitaka nikusamehe kwa mzaha, kabla kengele ya saa nane haijawarudisha watu kazini.

Nikasema, "Samahanini. Mimi mzee huyu simfahamu."

Wakacheka tena, kisha wakaacha. Binti aliyekuwa anaandaa mihadhara alikuja akaniuliza taratibu, "Babu, kumbe hamjuani?" Nikamjibu kwamba nilialikwa chakula tu. Nikachukua mfuko wangu. Nikiwa mlangoni nilimsikia mtu akikuuliza kama na habari za chumvi ulizitunga. Sikugeuka.

Elia anasema hukusimama tena mbele ya watu. Jumatano ulikuwa unavaa shati la kazi, unafunga vifungo vyote, unakaa barazani. Miezi saba. Habari ya kifo chako iliponifikia nilifurahi, na kama ni kutaja saa kwa ukweli, nilifurahi tangu asubuhi mpaka alasiri.

Mihadhara haikufa. Yule binti, Neema, ndiye anayezungumza siku hizi. Anasoma kwenye karatasi, na Kinyaturu chake ungekitia kalamu nyekundu. Aliniandikia kwamba wanataka kuweka sauti zako maktaba, isipokuwa ile ya utani, kwa kuwa kamati inaona ulizusha. Mtu uliyemtaja alikukana. Waifute?

Nilikaa na swali hilo siku kumi na moja. Jana nilimjibu. Nimemwandikia kwamba aliyedanganya ni mimi, namfahamu Ntandu tangu utoto, na aliyoyasema ni kweli. Nimeomba waongeze jambo moja tu. Mara tatu ulisema "mtoto wa Kigogo". Nilihesabu. Ulikula chakula chake, ukamfanya somo, na jina hukulitaja. Waandike: Loi, binti Danieli, wa Kilimatinde, miaka sita.

Kwa hiyo utabaki maktaba, mwalimu, na watoto wa shule watakusikiliza ukikiri. Sijui kama hiyo ni zawadi. Sikuitoa kama zawadi.

Neema ananiomba nije nizungumze Jumatano moja. Elia anasema desturi inamruhusu mtani kuchelewa hata mwaka, na yuko tayari kunifikisha kaburini niseme yangu. Nilimuuliza lilipo kaburi la Loi. Aliulizia, akarudi akaniambia kwa aibu kwamba hakuna anayejua, labda ni pale kwenye shamba la alizeti.

Nimewaambia wanangu, na hii ndiyo ahadi yangu kwako: wakikutana na wako wasitaniane. Waamkiane, waulizane habari za safari, kila mtu ashike njia yake. Utani wa koo zetu umeishia kwako na kwangu, na nitaulinda uishe.

Pumzika, Ntandu. Nilikupenda kuliko ndugu zangu, na ni kweli leo kama ilivyokuwa kwenye lile jukwaa la treni. Kaburini kwako sitafika. Mimi Yoeli sirudi Singida.