Viatu Mlangoni mwa Kanisa

Lamu, Jumapili, Mei 1911

Amevua! Bwana Mchungaji, Mzungu wetu, amevua viatu vyake mwenyewe, nami nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa kazi.

Tangu alipomkemea Bi Mashaka kwa kuacha makubadhi yake mlangoni, akisema huo ni mtindo wa msikitini, mama huyo hajakanyaga kanisani. Kila nikimwendea hunijibu yale yale: "Mwalimu, nyumba ya Mngu haingiwi na mavi ya punda ya ndiani." Nasi tu wachache mno mji huu. Akikosekana mmoja, pengo laonekana.

Leo zamu ya kuhubiri ilikuwa yangu. Nilisoma habari za Musa mbele ya kile kijiti kiwakacho moto, kisha nikasema, "Amri ya kuvua viatu aliitoa Mungu mwenyewe. Haikuanza msikitini, wala haikuanza Ulaya." Nikavua vyangu.

Bwana Mchungaji akainama, nikadhani anaokota kofia yake atoke. Kumbe anafungua kamba! Soksi ina tundu, kidole gumba nje.

Alasiri akaenda mwenyewe kwa Bi Mashaka, nami nyuma yake. Akavua viatu mlangoni, kidole kikachungulia tena. "Mama, nilikukosea. Rudi."

Bi Mashaka alicheka hadi machozi yakamtoka. "Nitarudi, Bwana. Lakini kwanza nipa soksi hiyo niishone."

Huenda wakubwa wake wakatukemea sote wawili. Hilo nalihofia, sifichi. Lakini leo tumemwomba Mungu hapa Lamu kwa adabu ya Lamu, na kanisa limekuwa letu.