Apandisiti Isiyopona

Mama Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea ukuta, kwa sababu nikikaa wima tumbo linavuta na nikilala chali mgongo unawaka, kwa hiyo unisamehe mwandiko, na kabla ya yote nakuomba usitaje jina langu gazetini kwa maana mume wangu hulisoma kituoni pamoja na wenzake wa reli.

Mimi ni mama wa mabinti watatu hapa Albertville. Nilikuwa natokwa damu kwa muda mrefu, nikawa najifunga vitambaa na kunyamaza, mpaka siku moja ikanimwagika sokoni nikaanguka, na mume wangu alikuwa safarini upande wa Kabalo, tena tangu fujo za mwaka jana hakuna anayejua gari la moshi litarudi lini, basi dada yangu Léontine ndiye aliyenipeleka hospitali na ndiye aliyemjibu daktari ndiyo, nipasuliwe, na nilipoamka Masœur Julie, mtawa muuguzi, akaniambia kwa upole kwamba wametoa kizazi. Neno hilo liliniuma kuliko kisu. Kizazi ni kile kilicho tumboni, na kizazi ni wale watakaobaki nyuma yako, na mimi nilisikia kama vyote viwili vimetolewa pamoja. Mume wangu ni mtoto wa kiume wa pekee kwao Zongwe, na mama yake kila akija na samaki zake wadogo wa ndagala hulitazama tumbo langu kabla hajanisalimu. Basi mimi na Léontine tukakubaliana tuseme ni apandisiti.

Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Ningekuwa nimezaa wangeniita mzazi, nisingegusa maji wala kuni, ningepikiwa uji na kuachwa nilale. Lakini apandisiti haina heshima hiyo. Mama mkwe amekuja kunisaidia, naye ananiambia, "Alphonsine wa Bonaventure alikatwaka apandisiti naye, na juma ya pili alikuwa kwenye soko anauzisha ndagala. Ya kwako njo ya namna gani?" Nami nainuka, nabeba ndoo, natwanga sombe la majani ya muhogo, na jioni kidonda kinapiga, tumbo limejaa hewa isiyotoka, choo kigumu, jasho linanitoka hata upepo wa ziwa ukivuma, nikikohoa nahisi nyuzi zinakatika, na machozi yananishuka nikichambua maharage bila mtu yeyote kunikosea. Nimechoka, Mama Mshauri, nimechoka mwili na nimechoka kusema uongo.

Na mume wangu amebadilika. Aliporudi na kunikuta nyumbani alichukua kuku akaenda kuwashukuru watu wa hospitali, akarudi amenyamaza. Tangu hapo analala kwenye mkeka chumba cha mbele, na nikimuuliza ananijibu, "Lala tu, Mama Elisabeth. Kitanda kiko kidogo," kitanda hicho hicho tulicholalia wote wawili tangu tuoane. Hazungumzi tena habari za mtoto wa kiume, naye alikuwa amekwisha kumpa jina la baba yake, Casimir, kabla hata hajaonekana. Hata nyumba yenyewe imeingia mkosi, juzi mtwango, ule mchi wa kinu, haukuonekana, sufuria zote zipo, nguo zipo, mtwango hakuna, mama mkwe akasema ni wezi, nikaenda kuazima kwa jirani Mama Constance. Mimi naona mume wangu anajiandaa kuoa mwingine. Je, niendelee na apandisiti yangu mpaka nipone, au nimwambie ukweli anifukuze na kidonda kibichi?

Aliyechoka, Albertville

*

Mama uliyechoka,

Majina ya watu nimeyabadilisha yote. Mtwango nimeuacha kama ulivyo, na utaona kwa nini.

Pole sana kwa kidonda. Pole pia kwa damu uliyoifungia vitambaa mpaka ikakuangusha mbele za watu, ingawa pole hiyo ya pili ningependa kukupa huku nimekushika sikio.

Sasa nisikilize. Apandisiti ni kitu kidogo kama kidole cha mtoto. Wewe umetolewa kiungo kilichobeba watoto watatu, na ndani una mshono mkubwa usiouona. Umeuita ugonjwa wako kwa jina dogo, ndiyo maana umepewa mapumziko madogo. Mama mkwe wako ana ulimi, sikatai, lakini hapa humtendei haki ukimlaumu, kwani anamuuguza mgonjwa uliyemwonyesha.

Ndoo iache chini. Usitwange, usibebe kuni, usimbebe mtoto, mpaka daktari mwenyewe akuruhusu. Ukiamka kitandani, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, halafu jisukume kwa mkono. Ukikohoa, kandamiza mto tumboni, na hata ukicheka, ingawa naona siku hizi huna taabu hiyo. Hewa ya tumboni hutolewa na kutembea, basi zunguka nyumba polepole, ukichoka keti. Ukilala chali weka mto chini ya magoti, mgongo utapoa. Kunywa maji ya kutosha, kula papai na mboga, choo kitalegea. Dawa ya maumivu uimeze kama ulivyoambiwa, usiiweke akiba. Asije mtu kukukanda tumbo kwa maji ya moto, hata akikupenda vipi. Mambo ya kitanda cha ndoa, bado. Jasho na machozi kamweleze Masœur Julie. Si wazimu, mwili wako unazoea hali mpya. Lakini ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, damu mbichi ikirudi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukijifunga kitambaa tena, usiniandikie.

Na lile neno la kizazi lililokuuma, angalia uani. Elisabeth na wadogo zake wapo, hakuna daktari aliyewatoa.

Nimebakiza mumeo. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimekukasirikia kidogo. Mwanaume ametoka kuongea na watu wa hospitali akarudi kimya. Halitaji tena jina la Casimir. Amekuachia kitanda kizima asije akakugonga kidonda usingizini, yeye akalala chini. Na wezi gani, mama, huacha sufuria wakaiba mtwango?

Anajua. Amejua tangu siku ya kuku. Kwa nini hasemi, mimi siwezi kukuambia. Pengine anaogopa kukuliza, pengine naye analia kwa upande wake, maana huyo Casimir alikuwa wake pia. Wewe umebeba siri peke yako, naye amebeba hiyo hiyo chumba cha pili, na katikati kuna ukuta tu. Kesho akiondoka tena na gari la moshi mtakuwa hamjasemezana.

Basi usimngoje mpaka upone. Akirudi leo kutoka kituoni, mpe kiti. Habari ya kumweleza mama yake iwe kazi yake, si yako. Na kama neno kizazi litakukwama kooni, usianze nalo. Muulize tu ameuficha wapi mtwango.

Mama Françoise