Cherehani ya Karibu na Dirisha

Mdogo wangu Kifungo,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Sisi tunaendelea, na watoto hawajambo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia tu, nawe usingeambulia kitu.

Kile kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mama kimefungwa, na cherehani zake zikapigwa mnada mtandaoni. Mama aliposikia, akasema anaitaka yake, ile ya karibu na dirisha. Mengi yameshaanza kumtoka kichwani, lakini hiyo aliikumbuka mpaka mchubuko wa ubavuni, pale mkasi ulipomponyoka siku uchungu wako ulipomkuta kazini.

Basi nikajifunza sheria za mnada wenyewe. Kwa kuwa cherehani zote ni za aina moja, ziliuzwa kwa pamoja: unaandika unataka ngapi na utatoa kiasi gani kwa kila moja. Wenye bei za juu wanapewa mpaka ziishe. Bei zikilingana, anapata aliyetangulia. Mwishowe washindi wote wanalipa sawa, bei ya yule wa chini kabisa kati yao. Kwa hiyo niliweka bei kubwa bila woga. Ila kuchagua hakuna. Nilimpigia karani wa mnada nikamweleza habari za dirisha na mchubuko. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada, kwetu zote ni moja."

Nilishinda, lakini niliyopewa haikuwa yenyewe. Mama aliipapasa ubavuni, akaniuliza tu kama nimechoka na safari.

Nikaanza kuwatafuta washindi wengine. Fundi mmoja, mwanamke mcheshi aliyechukua nyingi, aliniingiza stoo na kuniambia nizipapase moja moja kama anayechagua tikitimaji. Nikaupata mchubuko. Alikubali tubadilishane bila kudai cha juu, ila aliomba kwanza amalizie sare za shule alizokuwa akizishona. Nikaona si vibaya. Ningejua, ningeibeba siku ile ile.

Nilipoileta, wiki kadhaa baadaye, niliushika mkono wa mama nikauweka pale penye mchubuko. Akauondoa taratibu, kama mtu aliyegusa mali ya wenyewe.

"Hii ya nani, mwanangu?" akauliza.

Nikamwambia ni yake. Akasema yake iko kiwandani, na akanisihi hii niirudishe, mwenyewe asije akahangaika kuitafuta.

Mdogo wangu, nilikuwa nikikuficha, na sasa siwezi tena. Hilo neno "mwanangu" analitumia kwa kila mtu. Mimi hanijui. Nikimpa chai ananishukuru kama jirani aliyemfadhili, na jioni huniuliza kama kwetu hawatanitafuta. Lakini wewe anakuulizia. Jana alikaa mlangoni mpaka giza likaingia, akisema mtoto wake amechelewa kutoka shule.

Njoo. Huenda asikutambue, ila bado anakungoja.

Shemeji yako anakusalimu sana, na watoto, wanaomsikia bibi yao akisema uko shule, wanauliza una urefu gani.

Ni mimi dada yako