Dada Amehama kwa Sababu ya Bima ya Moto

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana hapa kambini watu ni wengi lakini wa kumweleza neno hili sina.

Mimi ni seremala katika mgodi wa dhahabu huku Geita, mke wangu alifariki kabla hatujajaliwa mtoto, na pale Shinyanga mjini nina nyumba ya matofali niliyojenga kwa ajili ya uzee wangu, ndani yake nikamweka dada yangu Mbuke, aliyenilea mama yetu alipokufa, naye alipofiwa na mumewe nikamwambia, "Kaa hapa, dada, kodi sitaki," akakaa, na kila likizo nilimkuta ananingoja na chakula.

Basi kiangazi kilichopita jiko la jirani lililoezekwa nyasi lilishika moto, upepo ukautupa kwetu, mbao za paa zikaungua upande mmoja, watu wakauzima kwa ndoo. Nikaingiwa na hofu, nikamwendea wakala wa bima, akaniuliza, "Unakaa humo mwenyewe?" Nikasema hapana, anakaa dada yangu, bure. Akasema haidhuru, ila kampuni lazima ijue ni nani anayekaa, na nyumba lazima ikaguliwe. Nikamwambia nenda, nami nikarudi kazini.

Kumbe dada aliona tu mgeni anapima kuta na kumhoji anapikia wapi, anawasha taa gani. Nilipofika likizo nikamwamkia, hakuitikia.

"Kalisti," akasema, "nyumba ikiungua, nani analipwa?"

"Mimi, dada. Ndimi mwenye nyumba."

"Na mimi nikiungulia humo?"

Nikacheka, Mshauri, nikidhani ni utani, nikamjibu kuwa bima ni ya nyumba, si ya watu. Kulipokucha alijitwika mikeka na vyungu vyake, akaenda Didia kwenye nyumba ya marehemu wazazi wetu, ambayo haina mtu.

Sasa majirani wananong'ona kuwa nilitaka kuichoma nyumba nilipwe, na wakala naye anasema nyumba tupu haikatiwi bima, bora niweke mpangaji. Likizo hiyo yote nililala humo peke yangu, nikasonga ugali, nikajikuta nimesonga wa watu wawili. Je, niache bima ili dada arudi, au nitafute mpangaji?

Kalisti, Geita

JIBU

Marahaba, Kalisti, na pole kwa upweke.

Kutafuta bima hukukosea. Nyumba anayokaa ndugu bure huungua kama nyingine yoyote, na umefanya vema kumwambia wakala ukweli. Wako wanaodanganya kuwa wanakaa wenyewe, na moto ukija huambulia majivu.

Lakini wewe, uliyebebwa mgongoni na dada huyo, umempelekaje mgeni amhoji kabla hujamwambia neno? Halafu akakuuliza swali zito, ukacheka! Mjane akiuliza, "Na mimi nikiungulia humo?" anataka kusikia kwamba yupo wa kumlilia. Wewe ukamsomea masharti ya kampuni.

Mpangaji mwache kwanza. Omba ruhusa kazini uende Didia kwa miguu yako, usitume mtu. Mwombe radhi kabla hujapewa kigoda. Kisha mweleze taratibu kwamba bima yako inalinda kuta na paa tu. Nguo zake, mikeka na vyombo vyake havimo, na akipenda, vikatiwe bima kwa jina lake mwenyewe, ada utoe wewe. Na kwa kuwa wewe ni seremala, mjengee jiko la bati mbali na nyumba, ndipo umwite wakala, naye dada awepo akijua ni nani anayekuja na kwa nini. Majirani waache waseme. Wakimwona amerudi watanyamaza.

Akikataa kurudi, usimlazimishe, wala usimkumbushe kuwa alikaa bure. Muulize paa la hapo Didia linavuja wapi, panda ulitengeneze, na likizo zako zote tangu sasa nenda ukazimalizie kwake.