Pikapu, Moshi na Vitanda vya Salum

Jumamosi, 14 Februari 1998

Oili nimebadilisha. Tairi nimejaza upepo. Pikapu nimeiosha hadi chini ya tumbo, kama ng'ombe wa maonyesho. Saa mbili asubuhi nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya kituo cha kupima moshi.

Imeanguka mtihani.

Bwana wa kituo aliipandisha kwenye magurudumu yao yanayozunguka, akachomeka bomba lake kwenye ekzosi, akanipa karatasi. Petroli isiyoungua, juu mno. Gesi ya sumu, juu mno. Nina hadi tarehe 28, baada ya hapo gari halina ruhusa barabarani. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi wa Nakuru, miaka kumi na mmoja chini ya magari. Akaita anayefuata. Sikumpenda.

Jumapili, 15 Februari

Salum alikuja kunywa chai. Mtu wa Tanga huyu, jirani yetu hapa Langley Park, Amerika, anakaa ghorofa ya chini. Mpishi wa hoteli mjini. Miaka saba yuko peke yake, na sasa viza zimetoka: mkewe na watoto watatu wanatua Jumapili, tarehe moja Machi. Kitinda mimba hajawahi kumwona. Alimwacha tumboni.

Amenunua vitanda kwa watu wanaohama mji wa Columbia, si mbali na hapa. Watavitoa Jumamosi tarehe 28, si kabla. Aliposikia habari ya moshi alisema kwa upole kwamba atakodi lori.

Niliudhika. Magodoro yote ya watu wetu hapa yamepanda pikapu yangu. Kila mgeni kutoka nyumbani, mimi ndiye niliyemhamisha. Nikamwambia akikodi lori asinisalimie tena. Akacheka, akakubali. Nimefurahi sana. Nimeogopa kidogo pia.

Jumanne, 17 Februari

Baada ya kazi nilitoa plagi. Nyeusi tii, masizi matupu. Nimeweka mpya zote sita, na nyaya zake, na chujio la hewa. Inanguruma vizuri mno. Nimeimba peke yangu pale maegeshoni. Mama wa Kisalvador wa ghorofa ya pili alifungua dirisha, akanitazama, akalifunga.

Alhamisi, 19 Februari

Kabureta. Nimeifungua juu ya meza ya kulia. Mke wangu, Mama Njeri, alibeba sahani yake akaenda kula chumbani. Nimeisugua kila tundu kwa mswaki wa zamani.

Kumbe haukuwa wa zamani.

Jumamosi, 21 Februari

Imeanguka tena. Na namba zimepanda! Bwana wa kituo ni yule yule. Safari hii alinihurumia, na hiyo iliniuma zaidi. Nimepiga tairi teke. Kidole kimevimba.

Jumapili, 22 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nasikiliza injini kichwani. Mchana nikapiga simu kwa siri kutafuta lori la kukodi. Sehemu nne. Yote yamechukuliwa. Mwisho wa mwezi, kila mtu anahama.

Kwa hiyo nimemzuia mwenzangu kukodi lori, na sasa lori hakuna, na pikapu hakuna. Watoto wake watalala sakafuni usiku wao wa kwanza, kwa sababu ya mdomo wangu. Sijamwambia. Alipopita nilijificha nyuma ya mashine za kufulia. Mtu mzima na ndevu zangu.

Jumatatu, 23 Februari

Sijaigusa. Nina hasira na Amerika yote.

Jumanne, 24 Februari

Niandike hii vizuri.

Asubuhi nilikuwa nampeleka Mama Njeri kazini Bowie, kwa bibi mzee ambaye yeye humtunza. Baridi ya kukata masikio. Kama kawaida amejifunika blanketi kutoka kiunoni hadi viatuni, maana hita inapuliza baridi. Nimekuwa nikimwambia ni uzee wa gari. Mimi nalalamika kuhusu moshi. Tukasimama kwenye taa nyekundu. Akasema:

"Baba Njeri, last winter hii gari ilikuwa inatupika huku ndani. Hiyo July uliirepair, ulitoa nini?"

Taa ikawa kijani. Sikuondoka. Watu wakapiga honi.

Themostati. Julai pikapu ilichemka barabarani, nikafanya anachofanya kila fundi wa kwetu: nikaitoa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nikaitupa. Nyumbani hiyo ni sifa. Maji yanazunguka huru, gari halichemki kamwe, mteja anakushukuru. Ila nyumbani hakuna Februari. Hapa injini haijapata moto tangu majani yaanguke. Inadhani imewashwa sasa hivi tu, kwa hiyo inameza petroli kupita kiasi, inashindwa kuimaliza, inaitema nje. Masizi ya plagi, hita isiyopata maji ya moto, moshi. Vyote chanzo kimoja, na chanzo ni mimi.

Nilicheka mpaka machozi. Yeye alicheka mpaka Bowie.

Jumatano, 25 Februari

Themostati mpya inaenea kiganjani. Gasketi mpya. Nusu saa, kazi imekwisha. Dakika kumi barabarani na hita ikanipulizia joto usoni. Mama Njeri alilikunja blanketi, akaliweka nyuma ya kiti. Akasema sifa hataki, anataka mswaki.

Nimemwambia Salum kila kitu, hata simu za siri, hata mashine za kufulia. Ilibidi akae chini kwa kicheko.

"Mganga hajigangi, ndugu yangu," alisema. "Shukuru una mke."

Alhamisi, 26 Februari

Bomba la maji limepasuka kazini, kwenye jengo ninalolitunza. Siku nzima ndani ya maji. Kituo kimefungwa kabla sijatoka.

Ijumaa, 27 Februari

Niliizungusha nusu saa kwanza, ipate moto sawasawa. Foleni ndefu mpaka barabarani. Sikuzima injini. Niliomba kwa Kikikuyu, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa sababu kituo ni chao.

IMEPITA. Namba zote ziko chini kabisa. Nilimkumbatia yule bwana wa kituo. Hakuwa tayari, lakini alinipigapiga mgongoni. Ni mtu mzuri sana.

Jumamosi, 28 Februari

Columbia na kurudi. Kitanda kikubwa, kitanda cha ghorofa, kimoja kidogo. Salum alifunga kamba kwa mafundo ya kwao, akanikataza kugusa. Barabara nzima tuliimba kwa sauti mbaya. Tumemaliza saa kumi jioni. Yeye akatandika shuka, akaondoa, akatandika tena. Mgongo umeniisha. Sijafurahi hivi tangu binti yetu Njeri azaliwe.

Jumapili, 1 Machi

Ndege ilichelewa kidogo. Mizigo yao ilipanda pikapu, wao wakaja kwa teksi. Bi Zainabu, mke wa Salum, alinisalimu kama mtu ambaye barua zote zilimtaja. Rehema, kitinda mimba, alimwamkia baba yake akiwa nyuma ya buibui la mama. Salum aliitikia marahaba. Akachuchumaa, awe kimo chake.

Walikula wali. Saa nane mchana watoto walishindwa na usingizi, kwao ilikuwa usiku.

Nilipoingia kuaga, Salum alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda kidogo. Rehema amelala, amemshika baba yake kidole gumba. Hakuweza kuinuka kunipa mkono. Alinipungia kwa mkono mwingine.

Nikafunga mlango taratibu. Nikapanda kwetu, nikala viazi vya jana, nikalala na viatu miguuni.